Kupeleka Ndege ya Zamani Kwenye Mkusanyiko wa Majira ya Joto: Kutoka Bandani Hadi Kurudi

Kuruka masafa ya katikati ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko mahali pawili: dakika kumi za mwisho kabla ya kutua, pale ndege ya noti 60 (yaani maili 60 za baharini kwa saa) inapoingia foleni moja na ndege ya noti 120, na usiku mbili tatu ambazo ndege hiyo, nyepesi na yenye mabawa ya kitambaa, italala nyasini bila ukuta wala paa. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inahusu mojawapo ya hayo mawili.

Mifano mingi imechukuliwa kwenye Piper J-3 Cub yenye injini ya Continental A-65 ya nguvu farasi 65. Haina stata, haina jenereta, na matatizo yake ni yale yale ya ndege nyingi za umri wake. Panapohitilafiana na ndege zenye injini ya nyota (ambayo silinda zake zimepangwa kwa duara) au ndege kama de Havilland Tiger Moth, tumetaja.

Wiki mbili kabla

Anza na waraka wa mkusanyiko wenyewe, si na ndege. Mkusanyiko wowote mkubwa hubadilisha taratibu za kawaida za uwanja: masafa ya redio, njia ya kuingilia, mwinuko, mwendo, hata maana ya kunyamaza redioni. Huko Oshkosh, Wisconsin, Marekani, ambako mkusanyiko mkubwa wa EAA AirVenture hufanyika mwishoni mwa Julai, ndege zinazoingia kwa kuona kwa macho hufuata reli kutoka mji wa Ripon hadi kijiji cha Fisk, moja nyuma ya nyingine, kwa nafasi ya nusu maili. Ziko njia mbili: futi 1,800 kwa noti 90, na futi 2,300 kwa noti 135 kwa ndege za kasi. Mwongoza ndege huitambua ndege kwa umbo na rangi, rubani hujibu kwa kuyumbisha mabawa wala hasemi kitu, kisha huelekezwa atue juu ya alama ya rangi iliyochorwa kwenye njia ya kurukia. Rubani anayesoma hayo akiwa tayari angani amechelewa. Chapisha waraka, kunja ukurasa wenye ramani ubaki juu, na utafute humo kila kinachosemwa kuhusu ndege za polepole na zisizo na redio. Kama ndege yako haifikii mwendo uliotajwa, waulize waandaaji mapema, au panga kutua uwanja wa jirani usubiri saa tulivu.

Kisha ndege. Ukaguzi wa kila mwaka hautoshi, kwa kuwa safari hii inaongeza saa nyingi kwa mpigo. Vitu vinne vinastahili muda wako.

Cha kwanza ni propela ya mbao. Mbao hunywea wakati wa ukavu na kuvimba wakati wa unyevu, kwa hiyo bolti zilizokazwa msimu wa mvua zinaweza kuwa zimelegea kufikia majira ya joto. Hakikisha swichi za magineto (vifaa vinavyozipa plagi umeme) zimezimwa, ondoa waya wa usalama, kisha kaza kwa kipimo cha mtengenezaji, kidogo kidogo, ukienda kwenye bolti inayotazamana na uliyotoka. Ukimaliza, simamisha kitu kisichotikisika mbele ya ncha ya panga moja, zungusha, uone panga la pili linapita wapi. Tofauti ya zaidi ya milimita 3 hivi inataka maelezo kabla ya kuruka. Funga waya mpya wa usalama; wa zamani haurudiwi.

Cha pili, plagi. Injini hizi zilibuniwa kwa petroli ya oktani ndogo. Petroli ya ndege ya 100LL inaruhusiwa kuwa na madini ya risasi hadi gramu 0.56 kwa lita, wakati ile ya zamani ya 80/87 ilikuwa na 0.14 tu. Risasi hiyo hujikusanya kama vishanga vya kijivu ndani ya plagi, hasa za chini, na injini huanza kukohoa wakati wa kupima magineto. Chokoa kwa sindano ngumu, usipige. Kauri ikipata ufa plagi imekwisha. Weka gasketi mpya.

Cha tatu, geji ya mafuta. Kwenye Cub ni boya la gome la mti wa koki lenye waya unaochomoza juu ya kifuniko cha tangi. Waya ukishuka hadi kwenye kifuniko, tangi halina kitu cha kutegemea. Boya lililopakwa sheleki (aina ya vanishi) likikutana na petroli yenye ethanoli, sheleki huyeyuka, gome hulowa, boya huzama, na geji husema tangi ni tupu hali limejaa. Huo ni uongo wa heri. Wa shari ni waya uliopinda na kukwama juu. Usugue kwa kitambaa, upandishe na kuushusha kwa kidole uone kama unateleza.

Cha nne, gurudumu la mkia: springi mbili za kuliunganisha na pedali, minyororo yake midogo, na pini. Uwanja wa nyasi wenye mashimo ya magari huvunja hapo kabla ya penginepo. Beba springi moja ya akiba.

Mengine ni ya haraka. Matundu ya kutolea maji kwenye kitambaa, nyuma ya mabawa na chini ya mkia, yawe wazi yote. Lililozibwa na rangi huweka maji ndani na kuozesha mbao au kutia kutu mabomba. Vyeti vya usajili na vya uwezo wa kuruka, bima, leseni na kitabu cha safari viwe kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji.

Uzito, joto na urefu wa nyasi

Cub inaruhusiwa kilo 553 kwa jumla. Tuchukue ndege yenye kilo 340 tupu. Zinabaki 213. Tangi la lita 45 lina kilo 32 za petroli, kwa kuwa lita moja ina kilo 0.72. Watu wawili wa kilo 80 kila mmoja ni 160. Zinabaki kilo 21, lakini sehemu ya mizigo inaruhusu 9 tu. Hapo ndipo hema, nyundo, kamba na vigingi vinapogombana. Kamba na vigingi vinashinda kila mara. Hema litumwe kwa gari la rafiki. Ukiwa peke yako, kaa kiti cha nyuma, maana ndivyo ndege hiyo inavyopata mizani.

Baada ya uzito, hewa. Joto huifanya hewa iwe nyepesi, na ndege huona kama iko juu zaidi ya ilipo. Hesabu yake:

1. Joto la kawaida usawa wa bahari ni nyuzi 15, na hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Uwanja wa futi 800 unatarajiwa kuwa na nyuzi 13.4.
2. Kama leo ni nyuzi 32, ziada ni 18.6.
3. Zidisha ziada kwa futi 120: unapata kama 2,230.
4. Jumlisha na mwinuko wa uwanja: injini na mabawa vinafanya kazi kama vile viko futi 3,000.

Kwa umbali wa kuruka, vizidisho vinavyotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ni rahisi kukumbuka: ongeza asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, 10 kwa kila nyuzi 10 za ziada, 20 kwa nyasi kavu fupi, 30 kwa nyasi mbichi. Vizidisho hivi vinazidishana; havijumlishwi. Mwishoni zidisha kwa 1.33 kama akiba. Kitabu kikisema unahitaji mita 300 hadi kuvuka kizuizi cha futi 50, uwanja ule wa futi 800 wenye nyasi kavu, siku ile ya nyuzi 32, unakudai kama mita 460, na ukiweka akiba ni 610. Injini iliyochoka haimo kwenye hesabu hiyo. Nyasi ndefu, zinazopita kifundo cha mguu, nazo hazimo.

Vitu vya kubeba

Kamba tatu za nailoni au poliesta, milimita 10, mita 4 kila moja. Vigingi vya kutosha pointi tatu. Nyundo. Kabari za magurudumu, jozi moja iliyounganishwa kwa kamba. Oili lita 2 (tangi la oili la A-65 lina lita 3.8, kwa hiyo lita moja iliyopotea si jambo dogo). Plagi mbili na gasketi zake, spana ya plagi, plaizi, waya wa usalama wa milimita 0.8, pini, bisibisi, tepu ya kitambaa, mpira wa ndani wa gurudumu, faneli yenye chujio, chupa ya kupimia petroli, matambara. Mtungi mdogo wa kuzimia moto. Redio ya mkononi yenye betri mbili, na hedseti iliyojaribiwa injini ikiwaka: waya za plagi zisizofunikwa hutoa mngurumo unaomeza sauti yote, na hilo haligunduliki bandani.

Njiani

Injini ya A-65 hunywa lita 15 hadi 17 kwa saa. Kwa lita 16, tangi zima ni saa 2 na dakika 48. Toa dakika 30 za akiba ya kisheria ya mchana, toa nyingine 30 kwa sababu utasubirishwa kwenye mzunguko wa uwanja, na utaona kwamba kipande kimoja cha safari kisizidi saa 1 na dakika 45. Bila upepo, kwa noti 60, hizo ni maili 105 za baharini. Upepo wa mbele wa noti 15 ukizifanya 45, maili ni 79 tu. Weka kituo cha mafuta cha mwisho karibu na mkusanyiko, kiasi cha dakika 20 au 30, ufike na tangi lililojaa na kibofu kitupu. Yote mawili yana umuhimu ule ule foleni ikiwa ndefu.

Ondoka alfajiri. Hewa ni baridi, upepo haujaamka, na mawingu ya radi ya mchana hayajaanza kupanda. Wingu la radi kali likae mbali nawe kwa maili 20 au zaidi; upepo unaotangulia mbele yake ndio unaoipindua ndege nyepesi, hata pale ambapo mvua haijafika.

Barafu kwenye kabureta huwashangaza watu siku za joto. Petroli inapogeuka mvuke hupoza hewa kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo siku yenye unyevu, hata ya nyuzi 25, maji huganda ndani ya kabureta, hasa nguvu ikiwa imepunguzwa. Injini za Continental ndogo ni mashuhuri kwa ugonjwa huu. Dalili ni mizunguko ya injini kupungua taratibu bila wewe kugusa kitu. Vuta joto la kabureta lote, si nusu. Injini itatikisika na kukohoa wakati barafu inayeyuka na kumezwa kama maji. Wengi huogopa hapo na kurudisha wenzo, na barafu hubaki. Acha joto hadi mizunguko ipande. Kabla ya kupunguza nguvu ili ushuke, vuta joto kwanza, subiri nusu dakika, ndipo upunguze.

Kuingia kwenye foleni

1. Maili 15 kabla, maliza kazi zote za mikono: ramani ikunjwe, vitu vilivyolegea vifungwe, mkanda ukazwe. Kuanzia hapo macho yako ni ya nje tu.
2. Shika mwinuko na mwendo uliotajwa kwenye waraka. Ukishindwa kwa sababu aliye mbele ni wa polepole zaidi, jitenge upande ulioelekezwa, rudi mwanzo, uanze upya. Usizunguke duara ndani ya foleni; aliye nyuma yako anatarajia uende mbele, hatarajii kukuona ukimjia usoni.
3. Usifuate ndege, fuata njia. Aliye mbele akikosea kijiji, foleni nzima humfuata.
4. Sikiliza tu. Jibu kwa mabawa. Yumbisha kwa nguvu, kiasi cha mtu wa ardhini kuona. Cub iliyochoka inayumba yenyewe na hakuna atakayejua kama umejibu.
5. Jua ndege ya kasi itakayokuja nyuma yako. Fanya mzunguko wako uwe mfupi na karibu na njia ya kurukia, ndani ya unaoruhusiwa. Ndege ya polepole ikienda mbali kwenye mstari wa mwisho, wote nyuma wanabanwa.

Kama huna redio, taa za mnara ndizo lugha. Ukiwa angani: kijani isiyometa, ruhusa ya kutua, kijani inayometameta, rudi ujipange kutua, nyekundu isiyometa, wapishe wengine uendelee kuzunguka, nyekundu inayometameta, uwanja si salama, usitue. Ardhini: kijani inayometameta ni ruhusa ya kutembea na isiyometa ni ya kuruka, nyekundu isiyometa ni simama, nyekundu inayometameta, toka kwenye njia inayotumika, nyeupe inayometameta, rudi ulikoanzia. Piga simu mnarani kabla ya kuondoka nyumbani, maana viwanja vingi havipokei ndege isiyo na redio siku za mkusanyiko bila makubaliano.

Kosa linaloua hapa lina sura moja. Rubani anakata kona ya mwisho akiwa amechelewa, upepo umemsukuma kupita mstari wa njia, anaona aibu kuinamisha mabawa zaidi mbele ya umati, badala yake anasukuma pua kwa pedali. Bawa la ndani linapunguza mwendo na kupoteza mnyanyuko (nguvu ya hewa inayoinua bawa) kwanza, na ndege inajipindua ikiwa futi 300. Ukipita mstari, kubali umepita. Ongeza nguvu, panda, rudi tena. Vivyo hivyo ukiambiwa utue kwenye alama na ukaona huifikii: sema huwezi, au panda.

Baada ya kugusa ardhi usikanyage breki kwa furaha. Ndege ya gurudumu la mkia ina uzito nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo hupenda kugeuka mkia mbele. Safari ya kutua haijaisha hadi kabari ziwekwe.

Kutembea nyasini

Pua imesimama juu na mbele huoni. Tembea kwa kukata kona ndogo, kushoto na kulia, ukitazama kila upande kwa zamu. Kwenye umati usitegemee hilo. Omba mtu mmoja ashike ncha ya bawa na aende nawe, kidole gumba juu au chini ndiyo lugha. Tiger Moth zenye fimbo ya kukwaruza badala ya gurudumu la mkia, zisizo na breki, zinahitaji watu wawili kukiwa na upepo.

Kabla ya kuzima, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, geuza swichi kwenye alama ya kuzima kwa nukta moja tu. Injini ianze kufa, rudisha. Isipokufa, waya wa kuizimia magineto umekatika, na propela hiyo ni bunduki iliyojaa kila mtoto atakapoigusa. Izime kwa kufunga mafuta, andika tangazo kubwa, tafuta fundi.

Kisha funga bomba la mafuta, acha propela ya mbao ikiwa imelala mlalo. Ikisimama wima, unyevu hukusanyika upande wa panga la chini na mizani yake hupotea.

Kufunga ndege

Hii ni kazi ya kwanza baada ya kuzima, kabla ya kusalimiana na mtu. Upepo wa radi hausubiri salamu.

1. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu makuu.
2. Piga vigingi kwa kulaza, kichwa kikielekea mbali na ndege. Kigingi kimoja cha kuzungusha kama skrubu kinashika vizuri kwenye udongo mgumu, lakini kwenye mchanga au udongo uliolowa hung'oka kama karoti. Pale tumia vigingi vitatu kwa pointi moja, kila kimoja kikielekea upande wake, vikiunganishwa juu.
3. Funga kamba kwenye pete ya kufungia. Kama hakuna pete, zungushia mhimili wa bawa pale juu kabisa unapokutana na bawa. Katikati ya mhimili usifunge kamwe. Ukivutwa hapo unapinda, na mhimili uliopinda hautengenezwi kwa nyundo.
4. Kamba zitoke nje kwa mlalo wa nyuzi 45. Mkia nao upate yake.
5. Acha ulegevu wa sentimita 2 au 3. Kamba ya katani hunywea ikilowa na inaweza kuvuta bawa; nailoni hunyumbuka, na ikiwa imelegea sana ndege hupata nafasi ya kuruka na kujikunyua.
6. Funga fundo lisilofumuka kwa kutikiswa, lakini linalofunguka kwa mkono baridi saa kumi na moja alfajiri.
7. Kama pua inatazama upepo, funga fimbo ya uongozi nyuma kabisa kwa mkanda wa kiti. Kama mkia ndio unaotazama upepo, ifunge mbele, la sivyo upepo utaingia chini ya elevata (kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua) na kuunyanyua mkia. Usukani wa mkia uwekewe kibano cha nje chenye utepe mwekundu mrefu, ili usiruke nacho.

Ukitabiriwa upepo mkali, ongeza kivunja mnyanyuko: mti mwembamba wa mraba wa sentimita 4 au 5, uliovishwa sponji upande wa chini, ulazwe juu ya bawa kutoka mwilini kuelekea nchani, kama robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, ufungwe kwa kamba laini. Unavuruga hewa inayopita juu na kulinyima bawa nguvu ya kuinuka. Unaonekana kituko, lakini asubuhi ndege iko pale pale.

Baada ya kila mvua rudi ujaribu kila kigingi kwa mkono. Ardhi iliyokuwa saruji jana leo ni uji.

Mafuta

Mpakiaji mafuta wa mkusanyiko anahudumia ndege mia kwa siku, na lori la petroli linafanana na lori la mafuta ya jeti. Simama hapo mwenyewe. Unganisha waya wa kutolea umeme tuli kwanza, ndipo kifuniko kifunguliwe. Baada ya kujaza subiri dakika kadhaa, toa sampuli kutoka chini: 100LL ni ya buluu, na maji hukaa chini yake kama tone lisilo na rangi. Chupa nzima isiyo na buluu inaweza kuwa maji matupu. Ukishuku mafuta ya jeti, dondosha kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka na kupotea, ya jeti huacha doa la grisi.

Kuwasha kwa mkono

Watu wawili, wote waliofundishwa: mmoja ndani, mmoja kwenye propela. Mtazamaji mwenye hamu hafai. Mkia ubaki umefungwa, kabari zibaki.

1. Wa nje ndiye kiongozi. Anavua pete, saa, shali na kamba ya kitambulisho. Anatazama mahali pa kusimama: nyasi zilizolowa umande au oili ni sababu ya kusogeza ndege.
2. Anasema: "Swichi zimezimwa, mafuta wazi, nguvu chini, breki." Wa ndani anagusa kila kimoja na kurudia kwa sauti. Injini baridi hupewa petroli ya kuchochea mara 2 hadi 4. Ya moto haipewi kitu.
3. Anazungusha propela kwa mkono hadi mapanga 4 hadi 6 yapite, akiichukulia propela kama injini inayoweza kuwaka wakati wowote.
4. Anasema: "Washa." Wa ndani anarudia, ndipo anageuza swichi. Mpangilio huu usibadilishwe: kwanza neno, kisha swichi.
5. Viganja bapa juu ya panga, vidole visikunjwe kuzunguka ukingo wake. Injini ikirudisha teke, vidole vilivyokunjwa huvutwa. Vuta chini kwa mwendo mmoja, huku mwili ukirudi nyuma kwa hatua. Hakuna kuegemea mbele.

Kwa A-65 na injini nyingi za Marekani, ukisimama mbele ukiitazama, panga linashuka kushotoni kwako. Injini ya Gipsy Major ya Tiger Moth huzunguka kinyume: linashuka kuliani. Rubani naye akumbuke: Cub ikiongezwa nguvu huvuta kushoto, Tiger Moth kulia, na mguu wa kuzuia hubadilika.

Ikifurika petroli: zima swichi, funga mafuta, fungua nguvu yote, zungusha mapanga 8 kinyumenyume. Kisha rudisha nguvu chini. Hatua hiyo ya mwisho ikisahaulika, injini itashika kwa mizunguko yote, na hapo ndipo ule mkia uliofungwa unapolipa gharama ya kamba.

Injini za nyota

Silinda za chini hupokea oili inayochuruzika usiku kucha. Oili haibanwi kama hewa. Pistoni ikiikuta, kinachopinda ni chuma. Kwa hiyo kabla ya kila kuwasha, swichi zikiwa zimezimwa, zungusha kwa mkono. Injini hukamilisha mzunguko wake wa kazi kwa mizunguko miwili ya propela: mapanga 4 kwa propela ya mapanga mawili ndiyo kiwango cha chini kabisa, na mafundi huenda hadi 8 au zaidi. Hii inahusu Continental R-670 ya silinda 7 kwenye ndege ya Stearman sawa na Pratt & Whitney R-985 ya silinda 9.

Ikigoma, usisukume, wala usirudishe nyuma. Ukirudisha nyuma, oili huingia kwenye bomba la kuvutia hewa, propela huonekana imeachia, kisha injini ikiwaka huimeza yote kwa mpigo. Toa plagi za silinda za chini, iache imwagike kwenye sinia, zungusha hadi itoke safi, rudisha plagi. Nusu saa ya kazi chafu.

Watazamaji na waamuzi

Kitambaa kikisukumwa kwa kidole kinaweza kupasuka, na mkono wenye jasho huacha alama kwenye rangi. Kamba nyembamba kwenye nguzo za plastiki, mita 2 kutoka propela, hufanya kazi kuliko tangazo la "Usiguse". Karatasi yenye mwaka, injini, nguvu na historia fupi huwafanya watu wasimame wasome badala ya kusogea wakachungulie. Sigara zikae mbali: dopi ya naitreti (rangi ya kukazia kitambaa) iliyo kwenye vitambaa vingi vya zamani inashika moto kwa kasi inayotisha.

Ukitaka ndege yako ihukumiwe, andikisha siku ya kwanza na ujue kundi lake. Huko Oshkosh mpaka wa kundi la kale ni tarehe 31 Agosti 1945. La klasiki linaanzia 1 Septemba 1945 hadi mwisho wa 1955. Linalofuata linaishia 1970. Leta picha za matengenezo na nyaraka za sehemu. Waamuzi huangalia kama bolti, vifuniko na geji ni vya wakati wake, na rangi inayong'aa kupita ya kiwandani haikusaidii.

Kuondoka

Siku ya mwisho kila mtu anataka kuruka saa tatu asubuhi. Ruka saa kumi na mbili, au baki hadi jioni ya kesho. Kabla ya kufungua kamba, kagua ndani ya kifuniko cha injini. Ndege wa angani huanza kiota kwa asubuhi moja. Kausha umande kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Toa sampuli ya petroli tena, maana tangi lisilojaa hutoa jasho usiku. Toa kibano cha usukani, fungua mkanda kwenye fimbo, sukuma vidhibiti vyote hadi mwisho wa kila upande huku ukiviangalia vikisogea.

Kwenye foleni ya kuruka injini inachemka. Elekeza pua kwenye upepo, na isikae kwenye mizunguko ya chini sana, maana risasi hujikusanya kwenye plagi. Pima magineto mwisho kabisa, ukiwa wa pili kutoka mbele. Anayeshindwa kupima hapo atoke pembeni, wala asijaribu kuisafisha plagi kwa safari ya kupanda juu ya hema za watu.

Ukifika nyumbani, inua mkia juu ya stendi siku hiyo hiyo na uangalie springi za gurudumu, pini na kitambaa cha chini ya mkia. Nyasi za viwanja vya mikusanyiko huficha mawe, na tundu dogo lisilozibwa leo litakuwa mpasuko wa kiganja safari ijayo.